Kisanduku cha Mkumbushaji

Kutoka kisandukuni mwangu, chini ya ukingo wa jukwaa,
simwoni mtu; naona viatu.
Miaka thelathini na mmoja katika ukumbi huu wa Randers
nimewajua wafalme kwa visigino vyao,
na malkia mmoja kwa soksi iliyotoboka.
Mswada uko magotini. Taa yangu ni ndogo,
kama ya mtoto anayesoma kitandani kwa kuiba.

Buti za kahawia zenye bizimu za shaba ni za Aksel Thorup:
baba, mweka hazina wa mfalme asiyefaa.
Buti changa ni za Jeppe, mwana anayesafiri.
Sanduku lake lina tofali moja na magazeti ya juzi.
Farasi wanangoja nje
(farasi ni Knud, na vifuu viwili vya nazi).
Kisha Aksel anakohoa, anaanza:

    Mwanangu, njoo karibu,
    maneno nayahesabu,
    ni machache, si kitabu,
    kisha uende safari.

    Mlangoni kwa wakubwa
    usibweke kama mbwa;
    siri yako ikiibwa,
    kaa kimya, usikiri.

    Na supu ya ugenini
    onja kwanza pembezoni:
    moto hujificha ndani,
    chini ya moshi mzuri.

    Jambo la tatu… la nne?
    Ngoja, mwanangu, nione…

Hajasahau. Anatafuta mwanya wa kuongeza.
Mswada una beti sita; Aksel husema kumi na moja,
na Jumamosi, ukumbi ukijaa, hata kumi na nne.
Watu hucheka. Jeppe hubadili mguu.
Knud huguna nyuma ya pazia na vifuu vyake.
Nami ninayeijua sehemu ya nne,
nani ataletwa kwa machela, nani atachelewa kurudi,
najua kwamba katika nasaha zote hizo
hamna hata moja itakayomzuia mtu kufa.

Alhamisi moja ya Februari nilimsindikiza dada yangu stesheni.
Nikawaona kwenye jukwaa namba mbili:
Aksel, na Villads wake, na begi la turubai.
Tiketi ya Esbjerg. Baada ya Esbjerg, bahari;
baada ya bahari, sijui.
Jukwaa ni jukwaa, nikawaza. Sasa ataanza.
Treni ilisimama dakika kumi na mbili.
Aksel akatazama saa. Akatazama reli.
Akamfunga mwanawe kifungo cha juu cha koti,
kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa.
Behewa lilipotikisika, ndipo akasema:
"Glavu unazo?"
"Ninazo, baba."
Basi.

Usiku ule buti za kahawia zilichelewa kutoka.
Ubeti wa kwanza, wa pili, hakuongeza neno,
sauti kavu kama mkate wa juzi.
Kwenye supu akanyamaza.
Nikanong'ona: *moto hujificha ndani.*
Nikanong'ona tena, kwa nguvu,
hata mama mmoja wa mstari wa mbele akaniitikia kwa kikohozi.
Buti zikasogea hatua moja kuelekea buti changa.
"Glavu unazo?"

Ukumbi ukaangua kicheko.
Jeppe hakuwa na jibu; hakupewa na mtu yeyote.
Mwishowe akasema ukweli:
"Sina, baba."

Kilichofuata sikukiona, nilikisikia tu,
kicheko kikipungua safu baada ya safu,
hadi ikaanguka mbele ya pua yangu, kati ya jozi mbili za buti,
glavu moja ya sufi, ya kijivu, iliyorarukia kidole gumba,
si ya karne ile wala ya mfalme yeyote.
Mkono ukashuka, ukaiokota.
Knud akachelewa na vifuu vyake.

Mswada haukuwa na mstari huo.
Nikalamba ncha ya penseli, nikauandika pembeni, herufi ndogo.
Siku moja atakaa hapa mkumbushaji mwingine;
atausoma, atasita,
hatajua aunong'one kwa sauti ya nani.